Msaada unaofika bomani: maji, mbuzi na chanjo kwa jamii za asili wakati wa janga

Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza wa UVIKO-19 tarehe 13 Machi 2020, Tanzania ikafuata tarehe 16, mgonjwa akiwa Arusha. Maagizo yakatoka, na yalikuwa yaleyale kila mahali: nawa kwa maji tiririka na sabuni, kaa mbali na mwenzako, usitoke nyumbani. Kwa mtu wa Kariakoo au Kitengela yalikuwa na tabu yake, lakini yaliwezekana. Huko Longido, Simanjiro, Samburu na Marsabit kila agizo lilikuwa na bei yake. Maji yako kilomita kadhaa, mama na watoto wake wote wanalala chumba kimoja, na mchungaji akibaki nyumbani ng'ombe hawali.

Haya tunawaandikia wanaochangisha na kupanga: vikundi vya kanisa na msikiti, mashirika madogo, maofisa wa halmashauri, na ndugu walio ughaibuni wanaotumiana namba ya mchango kwenye WhatsApp. Sehemu kubwa tunawazungumzia wafugaji wa Kimaasai na Kisamburu, na tutawagusa Wahadzabe (Tanzania), Waogiek na Wasengwer (Kenya) na Wabatwa (Uganda) pale hali yao inapotofautiana. UVIKO umepoa, sawa. Lakini homa ya virusi ya Marburg imeshaingia Kagera mara mbili, Machi 2023 na Januari 2025, na maswali ya vifaa, lugha na chakula yanarudi yaleyale.

Hesabu ya maji

Kiwango cha chini kinachotumika kwenye misaada ya dharura ni lita 15 kwa mtu kwa siku, za kunywa, kupika na usafi. Boma lenye watu 30 linahitaji lita 450. Punda mwenye madumu mawili ya lita 20 anabeba lita 40, kwa hiyo ni safari 11 na ushee kila siku. Kisima kikiwa kilomita 5, hakuna mama atakayefikisha hata nusu ya safari hizo, na maji yakifika wanaofikiriwa kwanza ni ndama na sufuria ya chai. Mikono inasubiri. Anayeanza msaada wake kwa sabuni na mabango ameanzia mwisho.

Tatizo hili halikuwa letu peke yetu. Kule Marekani, kwenye ardhi ya Wanavajo, karibu theluthi moja ya kaya hazina maji ya bomba, na mwaka 2020 walikuwa miongoni mwa walioumizwa vibaya zaidi na ugonjwa nchini mwao.

Boza la lita 10,000 likiingia kijijini linaonekana neema. Ligawe kwa maboma matano ya watu 30: linatosha siku nne na nusu hivi, na hapo hakuna mbuzi hata mmoja aliyekunywa. Mbuzi watakunywa tu, hakuna mfugaji atakayekaa akiwatazama wakifa kiu kando ya tangi. Boza liwe la wiki mbili tatu, wakati pampu inatengenezwa. Fedha nyingi iende kwenye pampu. Visima vingi vya vijijini vimesimama kwa kitu kidogo: mpira wa pistoni uliolika, au jenereta lisilo na dizeli. Pampu ya mkono ya Afridev iliundwa ili fundi wa kijiji aitengeneze kwa spana moja, achomoe pistoni kwa juu bila kung'oa bomba lote, na abadilishe mipira yake mara moja kwa mwaka. Seti mbili za mipira zikikaa kwenye ofisi ya mtendaji kabla barabara hazijafungwa, kijiji kina uhakika wa miezi mingi. Gharama yake haifiki hata ya dizeli ya boza kwenda na kurudi.

Maji yakishapatikana, kifaa cha kunawia ni kibuyu chirizi, na wengi wanakijenga vibaya. Chukua miti miwili yenye panda, urefu wa mita moja na nusu au zaidi, uichimbie nusu mita ardhini, na kati yake uache kama sentimita 70. Sehemu inayoingia ardhini ipake oili chafu, la sivyo mchwa wa nyika wataimaliza ndani ya msimu mmoja. Mti wa tatu unalala kwenye panda na kupita ndani ya mshikio wa dumu la lita 5. Pasha msumari moto, toboa tundu moja ubavuni upande wa mdomo, chini kidogo ya bega la dumu. Maji yaishie chini ya tundu hilo ili dumu likisimama lisivuje. Toboa kifuniko, pitisha kamba, piga fundo kwa ndani, na ncha ya pili uifunge kwenye kijiti cha kukanyagia. Urefu wa kamba ndio unaoharibu kazi za watu wengi. Ikiwa fupi, dumu linabaki limeinama na maji yanaisha yenyewe. Ikiwa ndefu, kijiti kinagonga ardhi kabla maji hayajatoka. Kijiti kining'inie kama sentimita 15 juu ya ardhi.

Sabuni itoboe, itie kamba, uifunike kwa kitako cha chupa ya plastiki: mvua inaiyeyusha, kunguru anaibeba, mbuzi anailamba. Mwaga changarawe chini ili pasigeuke tope, na zungushia miiba kidogo upande wa zizi. Dumu lililowahi kubeba dawa ya kuogeshea mifugo lisitumike kabisa, hata likioshwa mara kumi. Sabuni ikikosekana, majivu ya jikoni yaliyochekechwa yanafaa kwa mikono. Kifaa kikae mlango wa boma wanakopita wachungaji jioni, na kingine karibu na wanapokamulia. Kikiwekwa ofisi ya kijiji kitapigwa picha tu.

Jiki na klorini zinahitaji hesabu, na hesabu ni moja. Gawa nguvu iliyoandikwa kwenye chupa kwa nguvu unayoitaka, toa 1. Jibu ni sehemu za maji kwa sehemu moja ya dawa. Jiki ya asilimia 3.5 kwa kufuta sakafu na kitanda cha mgonjwa (asilimia 0.1) inataka sehemu 34 za maji. Kwa damu na matapishi (asilimia 0.5), sehemu 6 tu. Kwa mikono, pale sabuni na majivu vyote havipo (asilimia 0.05), sehemu 69. Changanya kila asubuhi, weka kivulini kwenye chombo chenye kifuniko, maana jua linaiua klorini, na maji ya tope yanaila kabla haijafika kwenye kirusi. Kupulizia watu dawa mwilini Shirika la Afya Duniani lilikataza: inaunguza macho na mapafu, na mwenye ugonjwa anabaki nao kifuani.

Maji ya kunywa ni jambo jingine. Tembe ya klorini ya miligramu 67 inatosha dumu la lita 20 la maji maangavu. Ya lambo, yale yenye rangi ya chai ya maziwa, chuja kwanza kwa kitambaa kilichokunjwa mara nne, weka tembe mbili, subiri dakika 30.

Nani aseme, na kwa lugha gani

Mfugaji anaijua karantini kuliko wengi wanaokwenda kumfundisha. Kundi likipata homa ya mapafu ya ng'ombe, ile Wamaasai wanayoiita olkipiei, halinyweshwi pamoja na mengine, halilali zizi moja nayo, na habari inasambaa boma hadi boma kabla daktari wa mifugo hajafika. Nyumbu wakianza kuzaa tambarare, ng'ombe wanaondolewa, kwa sababu ugonjwa wanaouchukua kwa nyumbu hauna tiba. Ujumbe ukijengwa juu ya maarifa hayo unaingia bila kusukumwa: mtu anaweza kuonekana mzima na akaambukiza, kama nyumbu, mgonjwa atengwe na vyombo vyake vitengwe, lakini alishwe na anyweshwe.

Wa kuusema ni malaigwanani, yaani viongozi wa jadi, kwa rika zao, na akina mama kwa akina mama. Mwenyekiti wa kijiji na mtendaji lazima wajue na wabariki, ila morani hatabadili mazoea kwa sababu ya barua ya mtendaji. Akina mama waonwe mahali pao, kisimani au kwenye kikundi cha shanga. Kwenye mkutano wa hadhara chini ya mti watakaa pembeni, na maswali yao watarudi nayo nyumbani.

Kuna mazoea mawili yenye hatari hasa. Moja ni salamu: mtoto huinamisha kichwa, na mkubwa humgusa utosini. Usimwambie mzee aache kusalimia watoto. Waombe wazee wenyewe waamue salamu ya muda, watangaze, na wao ndio waanze. Jingine ni kikombe kimoja na kibuyu kimoja cha maziwa kupita midomoni mwa watu kumi, pamoja na ugoro. Hapa fedha ndogo inafanya kazi kubwa. Vikombe vya bati 12 kwa kila boma, kila kimoja na alama yake ya rangi, kwetu ni msaada bora kuliko katoni ya barakoa. Barakoa ndani ya nyumba yenye moshi haivaliki. Wanaozihitaji kweli ni wanaokwenda mnadani, wanaopanda magari, na anayemhudumia mgonjwa.

Sherehe nazo zina kalenda yake na hazisubiri. Septemba 2020 maelfu ya Wamaasai walikusanyika Maparasha, Kajiado, kwa Olng'esherr, sherehe ya kuwavusha morani kuwa wazee, ambayo inakuja baada ya miaka mingi. Anayepanga afya ya jamii hii anapaswa kuijua kalenda hiyo mapema kama anavyojua ya mvua. Kuzuia hakutafanikiwa. Kinachowezekana ni matangi ya maji njiani, vyombo binafsi vya kulia, wazee dhaifu kukaa upande wenye upepo, na wahudumu wa afya wanaofuatilia maboma kwa siku 14 baadaye.

Ujumbe uwe wa sauti. Rekodi ya dakika moja na nusu kwa Kimaa inapita kwenye simu kwa WhatsApp, kwa Bluetooth na kwenye memori kadi, na spika ya pikipiki inaipeleka mnadani. Redio za lugha ya mahali, mfano Serian FM kwa Wasamburu, zinafika ambako mtandao haufiki. Kwa Wahadzabe rekodi iwe ya Kihadza, na msemaji awe Mhadzabe. Kabla ya kuisambaza, wasikilizishe watu watatu ambao hawakuhusika, kisha kila mmoja akueleze alichosikia kwa maneno yake. Wawili wakikwama mahali pamoja, rekodi ina kosa. Tulizosikiliza nyingi zilikwama kwenye vitu viwili: hesabu za siku, na neno kirusi kuachwa bila maelezo.

Unga, na fedha ya kutolea

Mgao wa kawaida wa dharura kwa mtu mmoja kwa siku ni nafaka gramu 400, kunde gramu 60, mafuta gramu 25 na chumvi gramu 5. Kwa watu 6 kwa siku 30 inakuwa unga kilo 72, kunde karibu kilo 11, mafuta lita 5 na chumvi kilo moja. Peleka kwa mifuko ya kilo 25, maana wa kilo 50 haupandi mgongoni mwa punda bila wanaume wawili. Badala ya maharage chukua choroko au dengu. Maharage yanakula kuni na maji kwa saa nyingi. Mahindi yapimwe unyevu, yasizidi asilimia 13.5, la sivyo yakikaa ghalani wiki chache yanaota ukungu na sumukuvu, na sumukuvu haiondoki kwa kupika.

Orodha ndiyo inayoharibu haki. Mwanamume mwenye wake watatu akiandikwa kaya moja, watu 20 watagawana mgao wa 6. Kila mwanamke mwenye nyumba yake aandikwe peke yake, na yeye ndiye apokee. Wajane na mabibi wanaolea wajukuu waandikwe wa kwanza, kwani ndio wanaosahaulika. Kwa Wahadzabe orodha ya kaya haina maana kabisa: kambi yao ya watu 20 au 30 inakula pamoja, na kumpa mmoja gunia kunamwingiza kwenye ugomvi. Peleka kwa kambi, mbele ya wote, mara nyingi kidogo kidogo. Na kabla ya hapo uliza kama wanahitaji wageni. Wahadzabe wako kama 1,300 hivi, na kwa kundi dogo namna hiyo gari la msaada lililojaa watu kutoka mjini ni hatari kubwa kuliko njaa ya wiki moja porini, ambako bado kuna mizizi, asali na ubuyu. Shusha mzigo mahali mlipokubaliana, ondoka.

Siku ya ugawaji usiite kijiji kizima. Boma mbili kwa saa moja, kuanzia asubuhi kabla ya jua kali, na aliyechelewa asifukuzwe, maana pengine ng'ombe walipotea.

Fedha ni bora kuliko unga pale duka lipo na lina bidhaa. Matatizo yake yanajulikana. Tarehe 20 Januari 2020 Tanzania ilianza kuzima laini ambazo hazijasajiliwa kwa alama za vidole, na asiyekuwa na namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, alikwama. Wengi wa vijijini walikwisha kusajiliwa laini na mtoto, shemeji au mwenye duka. Kwa hiyo jina linalotokea kwenye simu si la mama unayemtumia, na fedha inaingia mkono mwingine. Tuma kwanza shilingi 1,000 ya majaribio kwa kila namba, na mpokeaji athibitishe kwa sauti yake. Weka na ya kutolea. Mama atakayetembea kilomita 12 akakuta salio halitoshi makato hatarudi tena. Kenya ilifuta ada za M-Pesa kwa miamala isiyozidi shilingi 1,000 kuanzia Machi 2020 hadi mwisho wa mwaka ule, na hilo lilisaidia watu wa chini kuliko magunia mengi.

Halafu kuna wakala. Kaya 80 zikitumiwa 50,000 kila moja ni milioni nne, na wakala wa dukani kijijini huenda ana laki tatu mkononi. Watu watapanga foleni siku tatu, wakisongamana, na wengine watauza haki yao kwa bei ya hasara. Ongea na wakala wiki moja kabla, au gawanya utumaji kwa siku nane, kaya 10 kila siku.

Chanjo kwa watu wanaohama

Tanzania ilipokea dozi 1,058,400 za Janssen Julai 2021, na Rais Samia akazindua uchanjaji tarehe 28 mwezi huo. Kwa mfugaji Janssen ilikuwa bahati: dozi moja, basi. Kenya ilianza Machi 2021 na AstraZeneca, dozi mbili zilizoachana wiki 8 hadi 12, na ndani ya wiki 12 morani ameshavuka kaunti mbili akifuata majani. Chanjo ya dozi mbili kwa watu hawa inahitaji kadi inayotambulika kituo chochote na orodha inayofuata njia za malisho, kwa maana ya kwamba mhudumu wa kituo cha kwanza ampigie wa kituo cha pili na kumpa majina.

Kichupa cha AstraZeneca kilikuwa na dozi 10, cha Janssen 5, na kikishafunguliwa kiliisha muda baada ya saa 6. Mhudumu aliogopa kukifungua kwa watu wawili, akawaambia warudi kesho. Hawakurudi. Ni afadhali kumwaga dozi tatu kuliko kupoteza boma zima, na kiongozi wa wilaya aliseme hilo wazi ili mhudumu asiogope kuulizwa.

Kosa la kiufundi linalojirudia ni kugandisha chanjo. Watu wanaogopa joto tu. Chanjo za namna hii zinataka nyuzi 2 hadi 8, na pakiti ya barafu iliyotoka kwenye friza ina baridi kali chini ya sifuri. Ukiipanga moja kwa moja ndani ya kasha, vichupa vilivyoigusa vinaganda na kuharibika, na kwa macho hutaona kitu. Ziache pakiti mezani mpaka zitoke jasho, na ukizitikisa usikie maji yakicheza ndani. Ndipo upange, na kipimajoto kiwe katikati. Kwenye pikipiki, kasha lifungwe kwa mpira juu ya godoro jembamba na lifunikwe kitambaa cheupe chenye unyevu. Hesabu siku moja ya kazi, usitegemee zaidi.

Saa ni alfajiri kabla ng'ombe hawajatoka, au mnadani. Kwenye mnada wanaume wote wapo, lakini wanauza kwanza, kwa hiyo meza ya chanjo ianze saa sita mchana, biashara ikishapoa. Njia tunayoipenda kuliko zote ni kwenda pamoja na timu ya chanjo ya mifugo. Mwenye ng'ombe anakuja mwenyewe, anaona sindano inavyolinda kundi lake, na mjadala wa uvumi unakuwa mfupi. Uvumi uliosumbua zaidi ulikuwa wa utasa. Ujibiwe na mkunga au muuguzi wa kike anayejulikana pale, na usibezwe.

Kufufuka

Janga la wafugaji halikuisha siku masharti yalipoondolewa. Nzige waliingia Kenya mwishoni mwa 2019, UVIKO ukafuata, kisha kuanzia mvua za vuli 2020 hadi mwisho wa 2022 misimu mitano mfululizo ikakosa mvua ya kutosha. Kenya peke yake ilipoteza mifugo zaidi ya milioni 2. Utalii nao ulikauka: kwenye hifadhi za jamii za Mara, wenye ardhi wanaolipwa kodi na kambi za watalii walipunguziwa malipo. Kule Bwindi, Uganda, Wabatwa waliotolewa msituni mwaka 1991 waliishiwa wageni utalii wa sokwe uliposimama Machi 2020 hadi Septemba. Juni mwaka huo sokwe dume Rafiki aliuawa na mwindaji aliyekuwa akitafuta nyama ya pori. Mipango ya kufufua uchumi iliyotegemea watalii kurudi ilikuwa ya kubahatisha. Wahadzabe wa Yaeda walikuwa na mguu wa pili: walipata hatimiliki ya kimila ya ardhi yao mwaka 2011, na kupitia mradi wa Carbon Tanzania wanalipwa kwa kuutunza msitu, mgeni aje asije.

Ardhi ndiyo inayoamua mengine yote yawezekane au la. Julai 2020, watu wakiwa wameambiwa wabaki nyumbani, familia za Wasengwer huko msitu wa Embobut zilichomewa nyumba na za Waogiek zikatolewa msitu wa Mau. Hii ni baada ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kuwapa Waogiek ushindi dhidi ya serikali ya Kenya Mei 2017. Juni 2022 ikaamuru walipwe fidia ya shilingi za Kenya 157,850,000. Hakuna mfuko wa unga unaofidia kufukuzwa kwenye ardhi. Kwa hiyo kwenye bajeti ya kufufua weka fungu la mwanasheria na mpimaji: Kenya, kusajili ardhi chini ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, Tanzania, mpango wa matumizi bora ya ardhi ya kijiji na hati za kimila za kundi kwa maeneo ya malisho. Ni kazi ya mwaka mzima au zaidi, yenye mikutano mingi, na wafadhili wanaikimbia kwa sababu haina picha.

Kwa upande wa elimu, Tanzania ilitumia mkopo wa UVIKO wa shilingi trilioni 1.3 kujenga, pamoja na mengine, madarasa 15,000, kati yake 3,000 ya shule shikizi, yaani shule ndogo zinazowekwa karibu na makazi. Hizo shikizi ndizo zinazowafaa watoto wadogo wa wafugaji, kwani zinapunguza kilomita. Pale zilipojengwa, msaada uende kwenye tangi la maji ya mvua na uji wa saa nne.

Sasa mbuzi. Kumrudishia mtu mifugo ni kazi ya mahesabu, na Wamaasai wana utaratibu wao wa kale, ewoloto, ambapo ukoo humchangia aliyefilisika. Fedha za nje ziingie humo: ukoo ukitoa 10, mradi utoe 20. Wazee wanajua nani alipoteza kwa ukame na nani aliuza akanywa, jambo ambalo fomu haitalijua.

Anza na mbuzi, si ng'ombe. Mbuzi hubeba mimba miezi mitano, hula majani ya vichaka, na huuzika mmoja mmoja. Majike 30 na beberu mmoja au wawili ndiyo idadi inayoweza kusimamisha kaya. Chagua wenye meno mawili hadi manne ya kudumu, chuchu zote mbili nzima. Funua kope la chini: ndani pakiwa peupe, mnyama ana minyoo au damu pungufu, mwache. Wanunuliwe nyika ileile. Mbuzi wa milimani wakiletwa tambarare hufa kwa magonjwa ya kupe ambayo wa pale wameyazoea. Wachanjwe sotoka ya mbuzi na homa ya mapafu ya mbuzi, wapewe dawa ya minyoo, kisha watengwe wiki tatu kabla ya kugawiwa. Wenye mimba ya zaidi ya miezi minne wasipandishwe lori.

Usinunue wote mnada mmoja. Kaya 30 kwa mbuzi 30 ni mbuzi 900, na bei itapanda kabla ya saa nne asubuhi. Tawanya kwa minada mitatu au minne na wiki kadhaa, au wape wenyewe vocha wachague, kwa kuwa hawatachagua mbuzi mbovu. Ugawaji ufanyike wiki mbili tatu baada ya mvua kushika, majani yakiwa yameinuka. Mwaka wa fedha wa mfadhili ukiishia Juni, mbuzi watafika kiangazi kinaanza, na nusu watakufa kabla ya Novemba. Mkataba useme mvua, usiseme tarehe.

Beberu avalishwe ngozi tumboni ili asipande majike, kama wafugaji wafanyavyo siku zote, na ivuliwe miezi mitano kabla ya mvua inayofuata ili vitoto vizaliwe kwenye majani. Kila kaya ipewe pia punda mmoja, kwa ajili ya yale madumu. Na kama mradi ni wa kopa mbuzi lipa mbuzi, marejesho yadaiwe baada ya uzao wa pili. Uzao wa kwanza huliwa na kiangazi, ada ya shule na mgonjwa. Ukiudai, unamrudisha mtu alikotoka.